Chini ya Mtambaapanya: Siku Nne na Mjomba, Kwenda Banda la Picha la Lacock

Ijumaa, Reading

Mjomba alitua Heathrow wiki iliyopita na begi dogo la nguo na boksi la viatu lililofungwa kwa kamba ya katani. Moyoni nikafurahi, nikijua ni dagaa, au walau achari ya maembe. Kumbe ni negativu. "Nimechagua mia mbili," aliniambia hata salamu hazijaisha. "Nyingine ziko Pongwe, ghalani kwa babu yako."

Kwa miaka 38 Mjomba alikuwa na studio Ngamiani, Tanga. Watu wa rika langu pale mjini, nusu yao picha ya kwanza ya paspoti aliwapiga yeye, ile ya shati jeupe na macho ya mtu aliyeitwa polisi. Simu zilipoanza kupiga picha wateja walipungua, kodi ya chumba haikupungua. Ikabidi akodi pikapu, akahamishia maboksi yote Pongwe kwenye ghala la mahindi alilojenga marehemu babu. Yapo huko mpaka leo, chini, juu ya sakafu ya udongo.

Nilimuuliza angependa kuona nini Uingereza. Nilitegemea aseme jumba la mfalme au uwanja wa Arsenal. Akasema: "Nipeleke kwa yule mzee wa karatasi."

Fundi aliyemfundisha kazi alimwambia mapema kwamba picha ina baba wawili. Mmoja ni Mfaransa wa bamba la shaba lililopakwa fedha, Louis Daguerre. Picha yake ilikuwa safi kama kioo, lakini ni moja tu, ikipotea imepotea. Wa pili ni Mwingereza wa karatasi, William Henry Fox Talbot. Yeye alitoa picha iliyogeuka, nyeupe imekuwa nyeusi na nyeusi imekuwa nyeupe, na kwenye hiyo moja ukachapa kumi, ukachapa mia. "Mfaransa hakuacha watoto," fundi yule alikuwa akisema. "Sisi wa negativu wote ni ukoo wa karatasi."

Nyumbani kwa Talbot ni Lacock, kijiji cha mkoa wa Wiltshire. Langoni mwa nyumba hiyo kuna banda la shamba la karne ya 16 ambalo mwaka 1975 lilifunguliwa kuwa makumbusho ya picha. Nikaomba ruhusa kazini.

Ila safari yenyewe ilianzia hapahapa mtaani, na hilo ndilo lililonitia aibu. Miaka kumi na moja naishi Reading, nikienda zamu ya usiku napita Baker Street, na sikuwahi kujua kwamba mwaka 1844 mtumishi wa Talbot, Mholanzi aitwaye Nicolaas Henneman, alifungua pale karakana ya kuchapa picha, miongoni mwa za mwanzo kabisa duniani za kutoa picha kwa wingi. Reading ilimfaa kwa sababu iko katikati ya Lacock na London, na reli ilikuwa imeshapita. Hapo ndipo zilipochapwa picha za *The Pencil of Nature*, kitabu cha Talbot kilichotoka kwa mafungu kati ya 1844 na 1846, kikiwa na picha 24 zilizobandikwa moja moja kwa mkono.

Nilimweleza Mjomba kwamba walichapa kwa jua: negativu juu ya karatasi yenye dawa, vyote ndani ya fremu yenye kioo, fremu zikaanikwa nje. Akatazama juu. Mbingu ya Reading ilikuwa rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

"Kwa jua hili?"

"Kwa jua hilihili, Mjomba."

"Basi hawa watu walikuwa na subira," akasema. Akanyoosha kiganja na kukitazama kivuli chake, kama alivyokuwa akifanya mlangoni pa studio kabla ya kupanga lenzi. Kivuli hakikuwepo. Karakana ile haikudumu. Mwanzoni mwa 1847 Henneman alishafungasha na kuhamia London.

Jumamosi, njiani na kijijini

Treni ya kutoka Reading hadi Chippenham ni kama saa moja. Mjomba alikaa dirishani akihesabu marobota ya majani makavu yaliyofungwa kwa plastiki nyeusi, na kila shamba aliuliza, "Na hili ni la nani?" Mimi nitajuaje?

Chippenham basi lilituacha. Hatukuchelewa sisi, liliwahi lenyewe, jambo ambalo Mjomba alidhani Uingereza halitokei. Tulikaa kituoni karibu saa nzima tukila maandazi niliyopika usiku. Kwa kuwa hatukuwa na la kufanya, nilimsomea kwamba Talbot aliwahi kuwa mbunge wa mji huu, alichaguliwa mwaka 1832, na siasa hazikumkaa. Kichwa chake kilikuwa kwenye hesabu, mimea na maandishi ya kale. Uzeeni alikuwa miongoni mwa wanne waliofasiri maandishi ya Waashuru kila mtu peke yake mwaka 1857, yakalinganishwa, yakakubaliana. Mjomba alisikiliza akitafuna. "Mtu wa mambo mengi," akasema. Kwao Tanga hiyo si sifa moja kwa moja.

Lacock ni mitaa minne tu, mtu akikohoa wa mwisho anasikia. Nyumba za mawe, nyingine za mbao zilizojazwa udongo na chokaa, mapaa yamelegea katikati kama mgongo wa punda mzee. Nyaya za umeme hazionekani, antena hazionekani, ndiyo maana watu wa filamu hawaishi kuja. Mjomba alisimama katikati ya High Street, akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Kijiji kimepigwa retachi."

Kwa wasiojua kazi hiyo: retachi ni kuchukua penseli iliyochongwa kama sindano na kufuta chunusi za bibi harusi kwenye negativu. Mjomba alikuwa hodari wa retachi mpaka watu wakija kuchukua picha wanauliza hii ni ya nani.

Karibu kijiji chote ni mali ya National Trust, shirika la kuhifadhi urithi. Mjukuu wa Talbot, Matilda, alilikabidhi nyumba kubwa na kijiji mwaka 1944.

Kabla ya banda tulilolifuata, tulikuta jingine kwenye kona ya East Street, kubwa zaidi na kongwe zaidi, la karne ya 14. Hili lilikuwa ghala la zaka na kodi. Lacock Abbey, hiyo nyumba iliyokuja kuwa ya Talbot, ilianzishwa mwaka 1229 na mwanamke wa daraja la juu, Ela, Countess wa Salisbury, ikawa nyumba ya watawa wa kike. Wakulima wa kijiji waliwalipa kwa walichonacho: nafaka, ngozi, manyoya ya kondoo. Vyote viliingia humu. Leo ndani ni tupu, sakafu, mawe na hewa baridi, lakini ukiinua macho unaona kazi ya mafundi: boriti nene zilizopinda kwa asili yake, mbili mbili zikiinuka kutoka ukutani na kukutana juu kama viganja vya mtu anayeomba dua. Pembeni yake kuna kijumba cha mawe chenye kuba, mahabusu ya zamani ya walevi, hakina dirisha. Mjomba akachungulia upenyo wa mlango.

"Hiki nacho ni chumba cha giza," akasema. "Kwangu ungetoa picha."

Jioni tulikula George Inn, ambako pembeni ya jiko bado kuna gurudumu la mbao ukutani. Zamani mbwa aliwekwa humo akimbie ili nyama izunguke motoni. Mjomba hakulipenda. Alikula samaki akiwa amelipa mgongo gurudumu lile.

Jumapili, bandani

Banda lenyewe si kubwa, na ukipita kwa haraka utadhani ni duka la tiketi. Mawe ya rangi ya asali iliyozeeka, paa refu la mteremko mkali. Lilijengwa karne ileile ambayo watawa walifukuzwa na William Sharington akainunua nyumba yao, mwaka 1540. Huyu Sharington alikuja kukamatwa kwa kuchezea sarafu kwenye kiwanda cha fedha Bristol, akasamehewa, akafa tajiri. Banda la shamba halikujali ni nani mwenye mali. Lilipokea mavuno, likatoa mavuno.

Ghorofa ya chini ni habari za Talbot na kazi yake. Mlangoni tulikaribishwa na bibi mmoja wa kujitolea, nywele nyeupe, miwani imening'inia kwenye mnyororo. Nilimwambia huyu mzee amepiga picha maisha yake yote, Tanga, Afrika Mashariki. Tangu hapo akaniacha mimi, akawa anazungumza na Mjomba, nami nikageuka mkalimani. Mjomba Kiingereza anakijua, ila anasema cha kazi hakitoshi kwa heshima.

Bibi alianzia Ziwa Como, Italia, Oktoba 1833. Talbot alikuwa na mkewe Constance, wameoana mwaka uliotangulia, na kila mtu katika msafara ule alijua kuchora isipokuwa yeye. Alikuwa na kifaa chenye kioo cha kusaidia mchoraji, lakini kila akiondoa jicho anakuta karatasini mistari isiyo na adabu. Akawaza: je, sura ile nzuri iliyoko kwenye kioo haiwezi kujiandika yenyewe?

Aliporudi Lacock alianza na chumvi. Mjomba hapo akasogea. Chumvi ya jikoni: unalowesha karatasi nzuri ya kuandikia kwenye maji ya chumvi, unaikausha, unaipaka dawa ya fedha, yaani naitreti, kwa brashi. Ukiweka jani juu yake na kuitoa juani, sehemu iliyo wazi inakuwa nyeusi, chini ya jani inabaki nyeupe. Tatizo ni kuizuia isiendelee kuwa nyeusi. Talbot aliizuia kwa chumvi nyingi zaidi, au kwa ayodidi ya potasiamu. Mwaka 1839 rafiki yake John Herschel akamwonyesha dawa bora, hipo.

"Hipo!" Mjomba akasema kwa sauti, watu wawili wakageuka. "Mwambie ndiyo niliyokuwa natumia mimi. Ileile. Inakuja kama chumvi ya mawe, unaikoroga kwenye ndoo ya plastiki." Nikamwambia. Bibi akamshika mkono.

Kisha tukafika kwenye kamera. Za mwanzo zilikuwa visanduku vya mbao vya seremala wa kijijini, vidogo kiasi cha kukaa kiganjani, Talbot akivipanga kuzunguka nyumba na kuviacha hapo, saa nzima au zaidi. Constance alivikuta kila mahali, na kwenye barua yake ya mwaka 1835 akamuuliza mumewe kama atasafiri na mitego yake ya panya. Jina likabaki.

Mjomba alicheka mpaka akatoa leso. Nilidhani ni hilo la mitego. Baadaye, tulipopanda ngazi kwenda ghorofa ya juu, alinionyesha. Kule juu paa liko wazi, mbao zote zinaonekana: makombamoyo yakishuka pande mbili, na boriti za kukingama zikiunga ukuta na ukuta.

"Ile boriti kwetu inaitwaje?"

"Mtambaapanya."

"Basi. Mitego iko chini, mtambaapanya juu. Hili banda limekamilika."

Sikuwahi kulifikiria neno hilo. Boriti ambayo panya hutambaa juu yake kwenda kwenye mahindi. Aliyeipa jina alikuwa amelala chali akiitazama.

Ukumbi huo wa juu ndio wa maonyesho, yanabadilishwa kila mara. Tuliyoyakuta yalikuwa picha za watu na mahali pa eneo lile: mkulima na trekta yake, harusi kwenye mvua, wazee watatu kwenye benchi wakiwa wameudhika kidogo. Mjomba alizikagua kwa kusogea na kurudi nyuma, mikono mgongoni. Mbili alizisifu. Moja, ya mtoto kwenye ua la ng'ombe, aliikalia kimya, mwishowe akasema aliyeipiga aliharakisha, angengoja yule ng'ombe ageuze kichwa.

Lakini tulirudi chini kwa ajili ya ufagio.

Picha inaitwa *The Open Door*, ya Aprili 1844, na ni mojawapo ya zile 24 za kwenye kitabu. Ni mlango wa jengo la shamba pale Lacock, uko wazi nusu. Ufagio wa vijiti umeegemezwa kwenye kizingiti. Fanusi imetundikwa upande mmoja, hatamu ya farasi upande wa pili. Ndani ni giza, na ndani ya giza hilo, nyuma kabisa, dirisha dogo linapitisha mwanga. Basi. Hakuna mtu. Mjomba alivua miwani, akaivaa, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Tazama kivuli cha mlango kinavyokuja hivi," akachora mstari hewani, "na mpini wa ufagio unakwenda hivyohivyo. Sambamba. Ufagio hausimami namna hiyo mtu akimaliza kufagia. Huyu bwana kaupanga, kangoja jua lifike, ndipo kafungua lenzi."

Bibi aliposikia tafsiri akasema ni kweli tupu. Talbot aliujaribu mlango ule zaidi ya mara moja, na picha moja ya mapema, ya mwaka 1841, mama yake aliipa jina kwamba ufagio unajisemea peke yake. Kwenye kitabu Talbot mwenyewe alijitetea kwa kuwataja wachoraji wa Uholanzi, kwamba nao walichora vitu vya kila siku, na jicho la mchoraji husimama pale ambapo wengine hawaoni kitu.

Nikazunguka tena nikiwa na jicho jipya. Lundo la majani makavu na ngazi imeegemezwa, Aprili hiyohiyo. Ngazi nyingine na watu watatu. Mtumishi amesimama mlangoni pa gari la farasi, Oktoba 1840, akiwa amekaza mwili kwa dakika tatu asitikisike, na mpaka leo picha inaitwa kwa kazi yake. Nyumba yenyewe ilikuwa na mabibi wa daraja, mazulia, vyombo vya kaure, na hivyo navyo alivipiga, lakini zilizobaki kichwani mwa watu ni za shambani: ufagio, majani, ngazi. Zimerudi kwenye banda. Nadhani zingetundikwa kwenye jumba la marumaru zingepooza.

Picha hizo za dakika chache ziliwezekana baada ya Septemba 1840. Hapo Talbot aligundua kwamba karatasi ikipigwa kwa muda mfupi huwa na sura iliyojificha, haionekani kwa macho, na dawa ndiyo inayoitoa. Saa zikawa dakika. Mwaka 1841 akaikatia hataza, yaani haki ya pekee ya uvumbuzi, akawa anatoza ada. Mjomba hakuwa upande wake. "Alibana. Ukibana dawa, watu wanakwenda kwa Mfaransa." Ndivyo ilivyokuwa kwa kiasi kikubwa England. Scotland hataza ile haikufika, na huko David Octavius Hill na Robert Adamson walipiga picha za karatasi kwa mamia, wavuvi wa Newhaven na wake zao, mpaka leo zinapendeza. Na kwetu je? John Kirk, yule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja, alipiga picha kwa karatasi zilizopakwa nta alipokuwa Zambezi kwenye msafara wa Livingstone ulioanza 1858. Kwa hiyo watoto wa mzee wa karatasi walifika upande wetu mapema, kabla ya Ranchhod Oza kufungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, ambako Mjomba akiwa kijana alikuwa akisimama dirishani akitazama picha za masultani.

Nikamuuliza bibi zile karatasi zenyewe ziko wapi humu. Akatabasamu kama mtu aliyezoea swali. Nyingi hazipo. Matilda Talbot alifanya maonyesho hapa Lacock mwaka 1934, na miaka mitatu baadaye akatoa vitu kwa maelfu kwenda makumbusho ya sayansi London. Leo viko Bradford. Karatasi nyingine za familia zilikwenda British Library, nyingine Oxford. Banda lilipofunguliwa mwaka 1975, chini ya msimamizi wake wa kwanza Robert Lassam, mavuno makubwa yalishaondoka.

Mjomba alinyamaza. Kisha akaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa bahasha ya kaki. Sikujua kama amekuja nayo. Ndani kulikuwa na negativu sita, za harusi moja ya Chumbageni. Alimpa bibi.

Bibi hakuzitazama kwanza. Alifungua mdomo wa bahasha akainusa. Halafu akanipa na mimi ninuse.

Siki.

Alieleza taratibu. Filamu za namna hii zikikaa kwenye joto na unyevu, plastiki yake inaanza kujila yenyewe na kutoa siki, na mvuke wa hiyo iliyoanza unaziamsha na za jirani. Ndani ya boksi lililofungwa ni mbaya zaidi. Zinajikunja, halafu dawa ya juu inabanduka kama gamba. Ziinuliwe kutoka chini. Zipate hewa. Zinazonuka zitengwe na zisizonuka. Za karatasi na vioo zisikae na za plastiki. Pasipo mashine, ubaridi wa kivulini na hewa kavu vinanunua muda.

"Mwambie," Mjomba akasema, "mimi nilidhani ni harufu ya achari ya mama yake huyu."

Nilitafsiri. Bibi alicheka, Mjomba hakucheka.

Jumatatu, dirishani

Mvua asubuhi. Tuliingia Lacock Abbey mapema kabla ya makundi. Uvaranda wa watawa una dari la mawe lililosukwa kama ukili. Hapo hatukukaa, Mjomba alitaka juu.

Kwenye ukumbi wa upande wa kusini kuna madirisha matatu yaliyotokeza nje kama roshani za Mji Mkongwe. La katikati ndilo. Agosti 1835 Talbot aliweka mtego wa panya mmoja ukilitazama kutoka ndani, akapata kipande cha karatasi, picha yenyewe ukubwa wa stempu. Ndiyo negativu ya zamani kuliko zote zilizosalia duniani. Iko Bradford, hapa kuna nakala. Talbot aliandika pembeni kwamba ilipokuwa mpya, vipande vya kioo vya dirisha, kama 200, viliweza kuhesabika kwa lenzi. Mwaka 1839, Daguerre alipotangazwa Paris Januari 7, Talbot alikurupuka na karatasi zake zilizokuwa zimelala miaka mitatu na ushee, akazionyesha London tarehe 25 mwezi huohuo, na wiki iliyofuata ukasomwa waraka wake akisema anaamini nyumba hii ni ya kwanza kujulikana kuwa imejichora yenyewe.

Miaka mitatu na ushee kabatini. Nilimtazama Mjomba niliposoma hilo. Alikuwa anahesabu vioo. Alifika mia na kitu, mzungu mmoja akapita mbele yake, akaanza upya.

Makaburini, nje kidogo ya kijiji, Talbot amelala chini ya jiwe la kawaida, 1800 hadi 1877. Mjomba alisimama mbele yake kwa mwavuli wangu wa maua, akasema maneno mawili matatu kwa sauti ya chini. Sikumuuliza.

Basi safari hii lilichelewa.

Kwenye treni alinipa simu nimpigie mwanawe aliyeko Pongwe. Mtandao ulikuwa unakatika, nikamwekea arekodi sauti. Nilidhani atasimulia alichokiona. Hakusimulia. "Twaha, nenda ghalani leo hii. Usingoje kesho. Tafuta matofali, weka mbao juu yake, inua maboksi yote yasiguse chini. Fungua vifuniko. Nusa moja moja. Lenye siki weka upande wa mlango, lisilo na siki upande wa ndani. Mahindi hamishia kwa shangazi yako. Na mtambaapanya ufunge bati pande zote mbili, kama babu yako alivyokuwa akifunga."

Tulikuwa tumeshapita Swindon majibu yalipoingia. Twaha hakusema kitu, alituma picha. Maboksi yamepangwa juu ya mbao, mwanga wa mlango unaingia kwa pembeni, gunia moja la mahindi bado limekaa pale kwa ukaidi. Mbele kabisa ameshika bahasha iliyotafunwa na panya kona moja. Mjomba alichukua simu yangu, akaikuza kwa vidole viwili kama nilivyomfundisha, mpaka mwandiko wake mwenyewe ukasomeka: *Harusi, Februari 1986. Nakala 12. Hawajachukua. Bado sh. 40.*

"Hawa nawajua," akasema. "Wako Makorora."